Sentensi Kumi za Akelo

Kwenye ukumbi wa minofu karatasi haiingii. Kalamu haiingii, simu haiingii, hata pete ya ndoa huvuliwa mlangoni na kufungiwa kabatini. Mtu anaingia na mwili wake, buti nyeupe, aproni, kofia ya nailoni na kisu. Kwa miaka kumi na sita Akelo Odoyo aliiona sheria hiyo kuwa ya haki, maana samaki anayesafirishwa kwenda kuliwa ng'ambo hapaswi kukutwa na kipande cha daftari ubavuni. Mwaka alioamua kufanya mtihani wa kidato cha nne, ndipo sheria ikamkaba koo.

Alikuwa na miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Kinesi, upande wa Mara, akikaa Ilemela katika nyumba ya vyumba viwili iliyobanwa kati ya majabali mawili. Shule aliiacha kidato cha pili, baba yake alipofariki. Kisu alikishika akiwa na miaka ishirini na mitano, na sasa hapakuwa na mtu kiwandani aliyeweza kumchuna sangara kwa mipigo michache kama yeye. Mipigo sita: mitatu upande huu, mitatu upande ule, na mnofu unalala mezani mzima, bila kovu.

Sababu ya mtihani ilikuwa na jina, nalo ni Precious. Huyu alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mpole, aliyeletwa kiwandani akiwa na cheti lakini hajui samaki. Akelo ndiye aliyemfundisha kutazama jicho kama bado linang'aa, kufunua mashavu aone wekundu, kubonyeza nyama kwa kidole gumba na kuhesabu itarudi kwa muda gani. Wiki ya tatu Precious alivikwa koti la mkaguzi wa ubora, akapewa ubao wa kubania karatasi, ambao wakaguzi peke yao huruhusiwa kuuingiza ukumbini, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akitia sahihi juu ya kazi ya Akelo. Hata hivyo alikuwa bado anasogea karibu na kunong'ona, "Dada Akelo, hawa wa jana au wa leo?" Akelo anamwambia, Precious anaandika, samaki wanapita.

Kabla ya Precious walikuwa wengine watatu, na wote aliwafundisha yeye. Kila alipoomba nafasi hiyo aliambiwa maneno yaleyale: cheti cha kidato cha nne, na ndani yake awe amefaulu Kiingereza, kwa sababu fomu zinazosafiri na samaki hujazwa kwa Kiingereza.

"Nimewafundisha wanne," alimwambia Ng'washi, aliyesimama naye meza moja. "Wa tano nitajifundisha mwenyewe."

Ng'washi alikuwa Msukuma wa Magu, mnene, mwenye mdomo usiopumzika hata ukiwa nyuma ya barakoa. "Wewe Mjaluo, Kiingereza kitakutoa roho. Watoto wadogo wanakikimbia, sembuse wewe na magoti yako hayo."

"Magoti yangu yatakuwa yamekaa kwenye kiti."

Mtihani wa maarifa, ule unaomfungulia mlango mtu aliyekatiza shule, aliupita. Kisha akajiandikisha katika kituo cha masomo ya jioni pale Nyamagana, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako madirisha yakifunguliwa chumba hujaa mlio wa mabati yanayokatwa chini. Mwalimu wa Kiingereza aliitwa Pius Chenge, kijana wa miaka thelathini, mwenye mashati mawili ya kazi yaliyopigwa pasi vizuri sana. Alifundisha kwa upendo na kwa haraka, kama mtu anayejua kwamba wanafunzi wake wametoka kazini na usingizi unawanyemelea.

Mengine Akelo aliyaweza. Barua aliandika, taarifa alisoma, nyakati za vitenzi alizipanga zikapangika. Kilichomshinda ni karatasi moja aliyogawa Mwalimu Pius mwezi wa kumi: misemo sitini, vitenzi vyenye mikia na maneno ambayo maana yake haikai ndani ya maneno yenyewe. *Look* ni kutazama, hilo alilijua tangu darasa la tatu. Ukiweka *after* nyuma yake, ni kutunza. Ukiweka *into*, ni kuchunguza. Ukiweka *down on*, ni kudharau. Kitenzi kilekile, lakini kikibadilishiwa mkia kinakuwa mtu mwingine, na salamu hakuitikii.

Alisoma karatasi hiyo alfajiri kituoni akisubiri gari la kiwanda. Aliisoma hadi mlangoni. Hapo akaikunja, akaifungia kabatini pamoja na pete, akaingia. Kufika saa nne, katikati ya sangara na maji ya barafu, misemo yote ilikuwa imemtoka kichwani. Saa kumi na moja jioni darasani aliulizwa, akabaki anatazama ubao.

"Mama Princess," Mwalimu Pius alimwambia siku moja, kwa sauti ya kumhurumia, akimwita kwa jina la mtoto wake, "hii misemo ni alama kumi tu. Waachie watoto waliosoma shule za Kiingereza. Wewe shika barua na ufahamu."

Alama kumi tu. Akelo alishuka ngazi akiwa na maneno hayo mdomoni kama mfupa. Aliambiwa vilevile juu ya hisabati akiwa kidato cha kwanza. Aliambiwa vilevile juu ya kisu, kwamba kuchuna ni kazi ya wanaume, yeye akae kwenye kufungasha. Angekuwa anaacha kila alichoambiwa akiache, leo asingekuwa na kitu mkononi.

Njia aliipata wakati wa chakula, nje ya ukumbi, kwenye kivuli cha ukuta ambapo wanawake hukaa na ugali wao na mapanki ya kukaanga, yale mabaki ya sangara aliyekwisha kutolewa minofu. Ng'washi alikuwa akimtania. "Jamani, Mjaluo hata akiomba maji ya kunywa lazima kwanza ajisifu. Mama Princess, hebu jisifu kidogo chakula kishuke."

Akelo alicheka, akakumbuka Kinesi. Akamkumbuka mjomba wake Okech, mvuvi asiyejua kusoma hata herufi moja, ambaye kwenye sherehe alikuwa akiinua mkono na mpiga nyatiti, zeze la Kijaluo, akanyamaza. Ngoma nzima inanyamaza. Kisha mjomba anajisifu: yeye ni nani, ni mwana wa nani, nyavu zake zimefanya nini, nani alimdharau na yuko wapi leo. Kwa Kijaluo huitwa *pakruok*, na mtu mzima asiye na maneno yake ya kujisifia huonekana kama aliyekuja sherehe bila nguo. Mjomba Okech alikuwa na maneno ya miaka arobaini kichwani na hajawahi kupoteza hata moja. Hakuyaandika popote. Yalikaa kwa sababu yalikuwa yanamhusu yeye.

Akelo akaweka sahani chini, akasimama, akainua mkono. Wanawake wakanyamaza kwa mshangao.

"*I, Akelo, daughter of Odoyo,*" alisema, "*do not put up with rotten fish.*"

"Maana yake?" akauliza Ng'washi.

"Mimi Akelo binti Odoyo, sivumilii samaki aliyeoza."

Wakapiga sahani kwa vijiko. Akaongeza: "*No manager looks down on Akelo.* Hakuna meneja anayemdharau Akelo." Wakapiga tena, na mmoja akasema huo sasa ni uongo, meneja anawadharau wote, na Akelo akajibu kwamba kujisifu si kiapo cha mahakamani.

Kuanzia siku hiyo misemo mitano kila chakula cha mchana. Asubuhi aliyageuza maneno yawe yake, mchana akayasimamia mbele ya watu, na jioni yalikuwepo. Hayakuloa. Wiki ya pili Ng'washi alianza kumjaribu mezani, akipaza sauti juu ya mashine, "*Run out of!*" na Akelo bila kuinua macho kwenye kisu anajibu kwamba ziwa linaweza kuishiwa samaki lakini binti Odoyo hataishiwa nguvu. Alijifunza kwamba yeye ni jiwe gumu kupasuka, kwamba hakati tamaa, kwamba kichwa chake kiko juu ya maji tangu mwaka baba yake alipofariki. Huo wa kichwa juu ya maji, ambao kwa Wazungu ni mtu anayehangaika lakini hajazama, wanawake waliuomba kila siku. Kila mmoja aliuchukua na kutia jina lake.

Mtihani wa majaribio ulifanyika mwezi wa pili, kabla dirisha la usajili halijafungwa. Kituo kilikuwa na utaratibu wake: aliyepata chini ya thelathini katika Kiingereza jina lake halipelekwi, anasubiri mwaka mwingine. Swali la mwisho lilitaka misemo kumi itungiwe sentensi kumi. Akelo aliandika zote kumi bila kuinua kalamu. Alitoka akitembea kama mtu aliyemaliza sangara wa kilo hamsini.

Alipata ishirini na sita. Kwenye swali la mwisho palikuwa na mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, sifuri, na maneno ya Mwalimu Pius: *Usijisifu. Andika sentensi za kawaida.*

Alimsubiri hadi wenzake waliposhuka ngazi.

"Mwalimu, nioneshe kosa."

"Mama, kaa kwanza."

"Kwani nimekaa siku nzima? Nimesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi, naweza kusimama tena. Nioneshe kosa. Maana nimeikosea?"

"Hapana. Maana ni sawa."

"Sarufi?"

"Sarufi ni sawa, isipokuwa ya saba."

"Basi ya saba nikate. Tisa ziko wapi?"

Mwalimu Pius aliweka chaki chini, akafuta vidole. "Mama Princess, soma hapa juu." Alimgeuzia karatasi ya maelekezo. Mtahiniwa asiandike jina lake popote kwenye karatasi ya majibu, ila namba. "Wewe umeliandika mara kumi. Na la baba mara kumi. Ukifanya hivi mwezi wa kumi na moja wanaweza kukufutia. Sikutaka ukajifunzie huko."

Akelo alisoma mstari ule mara mbili. Ulikuwa umeandikwa waziwazi, na yeye alikuwa ameuruka, kwa sababu hakuwahi kuona mtu akijisifu bila jina. Damu ilimpanda usoni.

"Hilo ni haki," alisema. "Jina nitaliacha mlangoni kama ninavyoacha pete. Lakini hukuandika jina, Mwalimu. Umeandika nisijisifu."

"Ndiyo, na hilo nalo. Msahihishaji ana karatasi mia tatu. Anataka kuona *John gave up smoking*, John kaacha sigara, anaweka vema, anaendelea. Akikutana na mtu anayesema ziwa litaishiwa samaki kabla yake, atasimama. Na msahihishaji akisimama, mama, anaanza kutafuta makosa."

"Asimame. Kwetu mtu akijisifu hata muziki unasimama."

"Huu si muziki. Ni mtihani. Mwandike John."

"John simjui."

"Hakuna anayemjua. Ndiyo uzuri wake."

Walipandishiana sauti kidogo, na mlango wa pili ukafunguka. Mwenye kituo, Madam Teodora, mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, alisimama akiwa na kikombe cha chai.

"Shikamoo, Madam," alisema Akelo.

"Marahaba. Nani kamuua mwenzake huku?"

Wote wawili walieleza, Akelo kwa ufupi, Mwalimu Pius kwa urefu. Madam Teodora alizisoma sentensi zote kumi, polepole, na kwenye ya nne mdomo wake ulitikisika. Kisha akampa Pius ile karatasi ya misemo sitini.

"Mtajie kumi, unayotaka wewe, si aliyoizoea. Bila jina. Nitahesabu mimi. Akifikisha saba, umpe saba zake na jina liende. Asipofikisha, mama, tutaonana mwakani na hutanuna."

Akelo alivuta pumzi. Alihisi mikono yake mitupu, akaishika nyuma. Mwalimu Pius hakumpendelea. Alianza na msemo mgumu: *turn down*. Kukataa. "*I turned down three men before I married one,*" alisema Akelo, kwamba aliwakataa watatu kabla ya kuolewa na mmoja, na Madam Teodora akainua kidole cha kwanza. *Stand up to*, kumkabili mtu bila kumwogopa. Hilo alikuwa nalo, na la tatu pia. Kwenye la nne alikosea wakati wa kitenzi, Pius akatikisa kichwa, na Madam Teodora hakuinua kitu. *Break down*, kuharibika njiani kama gari. Akelo alitafuta. Hakuwahi kulijisifia hilo.

"Hili sina," alisema mwishowe. "Sijaharibika bado."

"Hiyo siyo sentensi," alisema Pius, lakini alikuwa anazuia kucheka.

Sasa makosa yalikuwa mawili na misemo ilibaki mitano. Chini mabati yalikuwa yakikatwa, na kila alipofungua mdomo alilazimika kushindana na mlio huo kama anavyoshindana na mashine za kiwandani, na pengine ndilo lililomsaidia. Sauti yake ilipanda. Alisema yeye ndiye mwanamke ambaye kisu chake hakiombi radhi. Alisema amewatunza watoto na ndugu na mama mkwe. Alisema walioangalia buti zake hawakuona kichwa chake. Kwenye la tisa alichanganya mkia wa kitenzi, likapotea. Vidole vya Madam Teodora vilikuwa sita.

Pius alitazama karatasi kwa muda, akachagua la mwisho. "*Keep one's head above water.*"

Alikuwa ameagizwa kutotaja aliyoizoea. Labda alisahau. Akelo hakumuuliza.

"*They took my father, my school and my youth,*" alisema taratibu, "*but I have kept my head above water.*" Walimchukulia baba, shule na ujana, lakini kichwa chake kiko juu ya maji.

Madam Teodora aliinua kidole cha saba, akanywa chai yake iliyopoa, akarudi ofisini. Mwalimu Pius aliandika saba mahali pa sifuri. Thelathini na tatu. Jina la Akelo Odoyo likapelekwa.

Lakini Mwalimu Pius hakumwacha. Alimwandikia sentensi sitini za John na Mary kwenye karatasi safi. "Siku yenyewe, mama. Naomba. Sitaki kukuona hapa mwakani." Na Ng'washi, aliyedhaniwa kuwa angekuwa upande wake, naye alisema hivyohivyo. "Huyo John mwandike tu upate kazi. Ukishavaa koti utajisifu mpaka tuchoke."

Akelo alizisoma. Si mbishi wa kijinga. Alijua kilichokuwa mezani. Akianguka, atakuwa na arobaini na tatu kabla ya kujaribu tena, na Precious wa tano na wa sita watakuwa wameshakuja kujifunza jicho la samaki kwake. Kuna siku aliona aibu kwamba kwa ajili ya majigambo ya nyumbani anaweza kupoteza koti.

Mwezi wa kumi na moja alikaa kwenye dawati katika shule moja ya juu mlimani, yeye na vijana waliorudia mtihani. Barua aliimaliza. Ufahamu aliumaliza. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na misemo mitano, alama mbili kila mmoja, na wa kwanza ulikuwa *stand up to*.

Aliandika *John*. Akaandika *stood up to*. Kalamu ikasimama.

John alimkabili nani? Sentensi aliyopewa alikuwa nayo jana, lakini asubuhi ile haikuwepo, imetoka kama zilivyotoka zote zisizo zake. Alijaribu kumtungia. Mwizi? Mwalimu? Hakujua John anaogopa nini, anakaa wapi, amepoteza nini. Msimamizi alipita na kusema zimebaki dakika kumi na tano. Akelo alimtazama John yule aliyeandikwa kwa wino wake mwenyewe, mtu asiye na mama, akaona kwamba alichoombwa si kuficha jina tu. Alichukua rula, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu yake, akaandika chini: *I stood up to everyone who told me to leave these ten marks to children.* Aliwakabili wote waliomwambia alama hizi kumi awaachie watoto.

Minne iliyobaki ilikuja yenyewe. Hakuna jina hata mahali pamoja. Ila mtu yeyote wa Kinesi angeisoma, angejua kuna mtu ameinua mkono.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza, Alhamisi mchana, akiwa ukumbini. Alipotoka alikuta simu kabatini ina miito sita ya Mwalimu Pius. Akampigia.

"D, mama! Kiingereza D, Kiswahili B, umefaulu!" Alikuwa akihema kana kwamba yeye ndiye aliyekimbia. Kisha, kwa kuwa ni mwalimu, akashindwa kujizuia. "Ila ungemwandika John ungepata C."

"Hiyo C ingekuwa yake," alisema Akelo. "Asante, Mwalimu. Asante sana."

Aliketi kwenye benchi la kubadilishia nguo akiwa na buti moja mguuni na moja mkononi. Ng'washi alimwona, akaelewa, akaanza kupiga mlango wa kabati kwa kiganja, na wengine wakapiga ya kwao, mpaka mlinzi akaja kuuliza kimeanguka nini.

Kesho yake aliingia ofisi ya utumishi na nakala mbili za matokeo. Ofisa, kijana aitwaye Alexander, alisoma moja, akampongeza kwa dhati, akasema nafasi ya mkaguzi itatangazwa mwezi wa saba, arudi wakati huo.

"Nitarudi," alisema Akelo. "Lakini hii inabaki hapa leo. Ipokee."

"Mama, itapotea tu kwenye mafaili. Mwezi wa saba ndio—"

"Ipokee, andika tarehe, upige muhuri. Na nakala yangu nayo upige."

Alexander alimtazama mwanamke aliyesimama mbele yake na aproni yenye magamba, amejaa mlango mzima. Nyuma yake ukumbi ulikuwa unamsubiri na zamu ilikuwa imeshaanza. Hakuonekana kuwa na haraka. Kijana akavuta droo, akatafuta muhuri, akatafuta wino, akapiga mara mbili.

Akelo alisoma tarehe kuhakikisha, akaikunja karatasi yake, akaenda kuifungia kabatini. Kisha akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akaingia kazini.